Kuku kwenye eafraya: dakika ngapi, nyuzi ngapi, na kwa nini kidari na paja haviivi pamoja

Jiko_Moto (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za saa hizi.

Kila anayenunua eafraya, yaani kile kikaangio cha hewa, swali lake la kwanza ni moja: kuku anakaa dakika ngapi? Anajibiwa "25". Anapanga vidari na mapaja kwa pamoja, dakika zikiisha paja limetoka safi na kidari kimekauka hadi kinakwama kooni. Mwingine anajibiwa "15", anakuta paja halijaiva kule mfupani. Wote wawili wamefuata walichoambiwa. Ila hakuna aliyewaambia dakika hizo ni za kipande gani, kina unene gani, kina mfupa au hakina, na kimetoka friji au kimekaa mezani.

Naweka uzi huu tuwe na mahali pamoja pa kurejea. Dakika nitazitaja, lakini zichukueni kama muda wa kuanza kukagua. Anayeamua kuku kaiva ni joto la katikati ya nyama.

Kwanza mashine yenyewe. Philips walipoitoa sokoni mwaka 2010 waliitangaza kama njia ya kukaanga kwa mafuta kidogo, na hadi leo wengi wanadhani humo ndani kuna ukaangaji. Hakuna. Ni oveni ndogo: koili ya moto iko juu, feni iko juu yake, na hewa ya moto inasukumwa kwa kasi kuzunguka kikapu. Kwa sababu nafasi ni ndogo na hewa inakimbia, chakula kinapokea joto haraka kuliko kwenye oveni kubwa. Ukiwa na maelezo ya oveni ya kawaida, shusha kama nyuzi 20 na punguza muda kwa kama sehemu moja ya tano, halafu anza kukagua mapema.

Ukishajua koili iko juu, unaelewa kwa nini lazima ugeuze vipande katikati ya safari. Na ukishajua kazi yote inafanywa na hewa, unaelewa kwa nini ukirundika vipande juu ya vipande unapata kuku aliyechemka kwa mvuke wake mwenyewe. Safu moja, na nafasi ya kidole kati ya kipande na kipande.

Sasa joto la ndani. Mamlaka za chakula za Marekani zinataka nyuzi 74 za Selsiasi katikati ya nyama ya kuku wa aina yoyote. Za Uingereza zinasema nyuzi 70 zikidumu kwa dakika 2, au kiwango kinacholingana na hicho. Hawapingani hapo. Bakteria wa kuku, Salmonella na Campylobacter, hufa kwa joto na muda vikishirikiana: joto likipanda, muda unaohitajika unapungua. Kwa nyuzi 74 kazi inaisha papo hapo, kwa 70 unasubiri kidogo.

Hapa ndipo kidari na paja vinapoachana. Kidari hakina mafuta mengi wala nyuzinyuzi ngumu za kuunganisha nyama. Kikifika 74 kiko tayari, na kila nyuzi unayoongeza juu ya hapo inakikamua maji. Paja ni nyama ya msuli uliofanya kazi, limejaa kolajeni, yaani hizo nyuzinyuzi ngumu. Kwa 74 ni salama kulila, lakini bado linavutika na kuteleza mdomoni. Lifikishe 80 hadi 85, kolajeni iyeyuke, ndipo linakuwa laini na linaachia mfupa. Kwa hiyo ukiviweka pamoja na kuvitoa pamoja, lazima kimoja kitaumia.

Dakika zangu ni hizi, mashine ikiwa imepashwa moto dakika 3 hadi 5 kabla, nyama imetoka friji na imefutwa maji.

Kidari kisicho na mfupa, nyuzi 190. Angalia unene, achana na uzito. Cha sentimita 2 kinamaliza kwa dakika 10 hadi 12. Cha 3, dakika 14 hadi 17. Kile kikubwa cha sentimita 4 kinafika 20 na ushee, na huko nje tayari kimeanza kukauka, ndiyo maana kidari kinene nakigawa kwa kisu kilalo nipate vipande viwili bapa, au nakiponda upande mnene ulingane na mwembamba. Kidari chenye mfupa na ngozi, nyuzi 180, dakika 25 hadi 35.

Paja la juu lenye mfupa na ngozi, nyuzi 190 au 200, dakika 22 hadi 28. Anza ngozi ikiwa chini, geuza nusu ya safari, malizia ngozi ikiwa juu ili ikabiliane na koili. Paja la chini dakika 20 hadi 25 kwa joto hilohilo. Ukiwa na paja zima, la juu na la chini bila kutenganishwa, hesabu 30 hadi 35. Paja lisilo na mfupa linakwenda haraka sana, nyuzi 200 kwa dakika 12 hadi 16. Mabawa nyuzi 200, dakika 18 hadi 24, ukitikisa kikapu mara mbili. Vipande vidogo vya sentimita 3 visivyo na mfupa, dakika 9 hadi 12, usiondoke jikoni.

Kuku mzima ana mambo yake. Nyuzi 180. Wa kilo 1.2 dakika 45 hadi 50, wa kilo 1.5 kama saa moja, wa kilo 1.8 saa moja na robo hivi, na hapo uhakikishe kwanza anaenea kwenye kikapu bila mgongo kukaribia koili. Mlaze kifudifudi, kidari chini, kwa nusu ya kwanza au zaidi kidogo. Akilala hivyo mapaja na mgongo ndivyo vinavyopokea moto mkali wa juu, na kidari kinajificha. Ukimgeuza chali, mapaja yameshatangulia, kidari kinamalizia na ngozi yake inabadilika rangi. Ni njia rahisi kuliko zote ya kufanya vitu viwili vyenye mahitaji tofauti vifike kwa wakati mmoja. Akitoka, mwache dakika 10 kabla ya kumkata. Vipande viache dakika 4 au 5.

Karibuni kwa maswali, nyongeza na marekebisho.

Mama_Pacha

Asante sana kaka, uzi umekuja wakati wake. Mimi tatizo langu mabawa. Yanaiva vizuri ndani ila ngozi inabaki kama mpira. Naweka 200 na dakika 20 kama ulivyosema. Mafuta napaka. Nakosea wapi?

Jiko_Moto

Dada, maji. Ngozi haiwezi kukauka wala kuwa kahawia ikiwa bado ina unyevu juu, kwa sababu maji yakiwepo, joto la ngozi linang'ang'ania kwenye 100, na ile rangi ya kahawia yenye harufu ya kuchoma inaanza kuja vizuri kuanzia 140 hivi. Dakika 10 za mwanzo zote zinaishia kukausha maji.

Fanya hivi kwa kilo moja ya mabawa. Yafute kwa karatasi ya jikoni kila upande hadi karatasi itoke kavu. Changanya vijiko viwili vya chai vya chumvi na kijiko kimoja kikubwa cha bekingi pauda, nyunyiza, chezesha bakuli hadi unga usionekane. Yapange kwenye wavu au sahani, yasifunikwe, rafu ya chini kabisa ya friji, usiku kucha. Asubuhi utakuta ngozi imekuwa nyembamba, inakaribia kuonyesha nyama ya ndani, na ukigusa inashika kidole kidogo badala ya kuteleza. Hapo ndipo pa kuchoma. Bekingi pauda inapunguza uasidi juu ya ngozi na rangi inakuja upesi zaidi. Angalizo: iwe bekingi pauda, magadi soda hapana, kwa kiasi hicho yataacha ladha ya sabuni.

Mafuta kidogo tu au acha kabisa, ngozi ya bawa ina mafuta yake. Na usijaze kikapu. Mabawa ya kilo moja kwenye kikapu cha lita 4 yachome mara mbili.

Mama_Pacha

Kumbe nilikuwa nayaosha na kuyatia moja kwa moja. Leo usiku yanaingia friji.

Nuru_ya_Asubuhi

Hapo kwenye kuosha tusimame kidogo. Kuku hata usipomwosha kwa maji, bakteria wanakufa kwa joto. Ukimwosha bombani wanaruka na matone hadi kwenye sinki, kwenye kitambaa, kwenye kachumbari iliyo pembeni, na hivyo vitu havipiti kwenye moto. Mimi ni mhudumu wa afya na nalisema hili kila nikipata nafasi. Futa kwa karatasi, tupa karatasi, osha mikono kwa sabuni.

Bi_Mkubwa_Jikoni

Mwanangu, mimi kuku bila kumwosha kwa limau siwezi kumla. Nimelelewa hivyo na nimelea hivyo.

Nuru_ya_Asubuhi

Nakuelewa mama, shikamoo. Kama ni lazima, basi tumia bakuli lenye maji, usifungue bomba juu ya kuku. Mtumbukize taratibu, mtoe, mwaga maji bila kurusha, kisha osha bakuli na sinki kwa maji ya moto na sabuni. Limau linaondoa harufu, lakini usilitegemee kuua wadudu.

Bi_Mkubwa_Jikoni

Marahaba. Hilo la bakuli nimelikubali.

Fundi_Nyaya

Wakuu mimi ni fundi wa vifaa vya umeme, naongeza kitu ambacho wapishi wengi hawakitaji. Dakika zote hizi zinachukulia kwamba mashine inapata umeme kamili. Nguvu ya koili inafuata mraba wa volti. Mashine iliyoandikwa wati 1500 kwa volti 230, umeme ukishuka hadi 200, inabaki na wati kama 1130 tu. Robo ya nguvu imepotea, na kioo cha mashine bado kinaonyesha nyuzi 200 kama kawaida, kwa sababu hiyo ni namba uliyoiomba, haimaanishi ndilo joto lililomo.

Umeme ukiwa mzima, koili huwaka na kuzimika yenyewe kulinda joto ulilochagua. Umeme ukiwa dhaifu, inawaka mfululizo na bado haifiki. Utaliona hili hasa unapopasha moto mwanzo na unapotia nyama nyingi ya baridi kwa mkupuo. Dawa yake: pasha moto kwa muda mrefu zaidi, dakika 8 hata 10, na punguza kiasi cha nyama. Na ichomeke ukutani moja kwa moja. Wati 1500 zinavuta karibu ampea 6.5, nyaya nyembamba za ekstensheni zinapata moto na zinakula volti zenyewe.

Jiko_Moto

Mkuu, hii ni dhahabu. Inaeleza kwa nini mtu yuleyule, mashine ileile, kuku wa uzito uleule, anaiva dakika 25 mchana na 35 saa mbili usiku wakati kila mtu amewasha kitu.

Kijana_wa_Chumba_Kimoja

Mkuu, kipimajoto sina na kwa sasa sitegemei kupata. Natambuaje kaiva? Nimezoea kuchoma kwa kisu nikiona maji meupe natoa.

Mla_Mifupa

Hapo jibu rahisi. Ukiona wekundu mfupani, rudisha. Damu ni damu.

Jiko_Moto

Mla_Mifupa, hapo tunatofautiana, na naomba nieleze kwa kirefu kidogo kwa sababu ndiyo sababu ya vidari vingi kuharibika.

Kuku wengi wa kufugwa kwa nyama wanachinjwa wakiwa na wiki chache tu. Mifupa yao haijakomaa, ina matundu, na uboho mwekundu ulio ndani unavuja nje mfupa unapopata moto, hasa kama kuku aligandishwa kwanza. Unatia rangi nyama iliyo jirani na mfupa, na rangi hiyo inaweza kubaki hata nyama ikifika nyuzi 85. Nimepima mapaja ambayo yalikuwa mekundu kabisa karibu na mfupa na kipimajoto kikasoma 83. Yapo pia yaliyo meupe kote kumbe hayajafika 70. Rangi ya maji ni vilevile, inakwenda na aina ya nyama na viungo ulivyotia. Kwa hiyo rangi peke yake inadanganya pande zote mbili.

Kijana, ukiwa huna kipimajoto tumia dalili kadhaa kwa pamoja. Paja: shika ncha ya mfupa kwa kitambaa na uuzungushe. Ukizunguka bila kubisha na nyama imejivuta juu ikaacha kifundo wazi, umefika mbali. Toboa kwa uma sehemu nene kabisa, uingie na kutoka bila nyama kuung'ang'ania. Kidari: kikate katikati sehemu nene, usiogope kukiharibu. Nyama iwe imeshikana na nyuzi zake zionekane, isiwe na ule mng'ao wa kioo na utelezi wa nyama mbichi. Ukisita, ongeza dakika 3. Kwa paja dakika za ziada hazidhuru kitu, kwa hiyo ukiwa huna kipimajoto chagua kupika mapaja mara nyingi kuliko vidari.

Lakini siku ukipata nafasi, kipimajoto cha kuchoma nyama ndicho kifaa cha kwanza ningekushauri, kabla ya sufuria mpya na kabla ya viungo vya ajabu. Ncha iingie sehemu nene kabisa, kwa pembeni, isiguse mfupa. Mfupa haupokei joto kwa kasi sawa na nyama, ukiugusa namba unayoisoma si ya nyama.

Mla_Mifupa

Nimesoma mara mbili. Hilo la uboho sikulijua. Ila nikipika kwa ajili ya watoto nitaendelea kuongeza dakika chache.

Jiko_Moto

Sawa kabisa mkuu, kwa paja hakuna ubaya.

Mtu_wa_Vipimo

Nyongeza: kipimajoto nacho kipimwe. Jaza glasi barafu iliyopondwa, tia maji baridi kidogo, koroga, ingiza ncha bila kugusa glasi. Kisome 0. Njia ya maji yanayochemka ni nzuri pia, ila 100 ni ya usawa wa bahari. Anayeishi mita 1500 juu ya bahari, maji yake yanachemka kwenye kama 95, asije akatupa kipimajoto kizima.

Ngome_ya_Pilipili

Mimi kila kitu 200 mwanzo mwisho. Kuku mzima pia. Naona mnajichosha na 180 na 190.

Jiko_Moto

Mkuu, kwa mabawa na mapaja nakuunga mkono. Kwa kuku mzima sikubaliani. Joto linaingia ndani ya nyama polepole, na kadiri nyama inavyokuwa nene ndivyo muda unavyorefuka. Nyuzi 200 zinaharakisha ngozi kuliko zinavyoharakisha katikati ya paja. Kuku wa kilo 1.5 kwa 200, ngozi ya kidari inakuwa nyeusi wakati kiungo cha paja na mwili bado kiko 60 na kitu. Watu wengi wakiona rangi hiyo wanazima, na hapo ndipo hatari ilipo.

Ukitaka 190 au 200 kwa kuku mzima, mpunguze unene. Mkate uti wa mgongo kwa mkasi, ufungue, umkandamize kifuani hadi mfupa ulie, alale bapa. Wa kilo 1.5 anaiva kwa dakika 35 hadi 45 kwa nyuzi 190. Unahitaji kikapu kipana lakini.

Ngome_ya_Pilipili

Huyo bapa nitamjaribu. Kikapu changu ni cha mraba, kikubwa.

Shangazi_Tatu

Jamani moshi! Kila nikichoma mapaja yenye ngozi, jiko zima linajaa moshi mweupe na kengele ya moshi inalia. Mashine mbovu au?

Fundi_Nyaya

Shangazi, mashine nzima. Mafuta ya ngozi yanayeyuka, yanadondoka kwenye droo chini ya kikapu, yanaungua. Kama kitabu cha mashine yako kinaruhusu, tia vijiko vitatu vinne vya maji kwenye droo, chini, yasiguse nyama. Pia ikishapoa kabisa na umeichomoa, igeuze uangalie koili. Mara nyingi kuna mafuta ya zamani yameganda pale, na ndiyo yanayonuka kila ukiwasha. Kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, taratibu, usikwangue.

Shangazi_Tatu

Nimeigeuza. Nimeona aibu. Naisafisha sasa hivi.

Asali_na_Ndimu

Mimi naloweka kuku kwenye asali, kitunguu saumu kilichopondwa, tangawizi na mtindi. Anakuwa mweusi kabla hajaiva. Nipunguze joto?

Jiko_Moto

Usipunguze joto, badilisha zamu ya vitu. Sukari ya asali inaungua mapema sana chini ya koili, na vipande vya saumu vinageuka vichungu. Loweka kwenye mtindi, chumvi, tangawizi na saumu, lakini kabla ya kutia mashineni kwangua vipande na ufute mtindi mzito ubaki utando tu. Ladha imeshaingia kiasi cha kuingia, kwa kweli nyingi inakaa juujuu, chumvi ndiyo inayozama ndani. Asali iweke pembeni. Kuku akibakiza dakika 4 hivi, mtoe, mpake asali na ndimu, mrudishe. Mpake tena akishatoka.

Baridi_Kali

Kuku wa friza je? Narudi kazini saa moja usiku, sina muda wa kumngoja ayeyuke.

Jiko_Moto

Vipande vilivyogandishwa kimoja kimoja unaweza kuvitia moja kwa moja. Shusha joto hadi 180 na hesabu muda uongezeke kwa nusu: kidari cha dakika 16 kitachukua 25 hivi. Dakika 8 za kwanza usitie viungo, havishiki kwenye barafu. Vikianza kulainika juu, vitoe, vipake mafuta kidogo na viungo, virudishe. Ngozi haitakuwa kama ya nyama isiyogandishwa, hilo likubali.

Vilivyogandamana kuwa bonge moja, hapana. Na kuku mzima wa barafu kwenye eafraya, hapana kabisa. Nje ataungua, na tumboni bado kuna barafu, pengine na kile kifuko cha firigisi na maini hujakitoa.

Kuyeyusha kuzuri ni ndani ya friji, kuku wa kilo 1.5 mpe siku nzima. Ukiwa na haraka, mfunge kwenye mfuko usioingiza maji, mzamishe kwenye maji baridi, badilisha maji kila nusu saa. Nusu kilo inachukua kama saa moja, kuku mzima saa mbili hadi tatu, na akishayeyuka mpike papo hapo. Kumwacha mezani tangu asubuhi ni kuwapa bakteria siku nzima ya kuzaliana kwenye ngozi wakati katikati bado ni barafu.

Babu_wa_Mabanda

Vijana, mimi nafuga. Nina kuku aliyeacha kutaga, mzee, mkubwa. Wajukuu wameleta hiyo mashine. Dakika ngapi?

Jiko_Moto

Shikamoo babu. Huyo mashine peke yake haitamuweza kwa dakika zozote. Kolajeni ya kuku mzee imefungana sana, inataka maji na muda mrefu wa moto mdogo, na hewa kavu ya moto itamkausha kabla hajalainika. Mchemshe kwanza na chumvi, tangawizi na kitunguu, moto mdogo, saa moja na nusu au zaidi hadi uma uingie pajani. Kwenye sufuria ya presha dakika 30 hadi 40. Mtoe, mwache avukize na akauke kabisa juu, mpake mafuta, kisha 200 kwa dakika 8 hadi 12, kazi ya mashine hapo ni ngozi na rangi tu. Supu usiimwage.

Babu_wa_Mabanda

Marahaba. Supu ndiyo yangu.

Mama_Pacha

Mrejesho wakuu! Mabawa yamelala friji kama nilivyoelekezwa. Nimeyachoma kwa awamu mbili, dakika 22 kila awamu, nimetikisa mara mbili. Yalipokuwa yanamwagwa kwenye sahani yalikuwa yanagongana kwa mlio mkavu. Pacha mmoja amekula ngozi zote kwanza, nyama ameacha mwisho.

Kijana_wa_Chumba_Kimoja

Na mimi mrejesho. Nimeazima kipimajoto kwa jirani. Kidari cha sentimita 3, nyuzi 190. Dakika 12 kilisoma 64, nikarudisha. Dakika 15 kikasoma 72. Nikakitoa nikakiacha kwenye sahani nimekifunika kwa foili, kikapanda hadi 75 chenyewe! Nimekata, maji yanametameta juu ya kisu. Sikujua kidari kinaweza kuwa hivi.

Jiko_Moto

Hapo umeona mwenyewe, kijana. Tabaka la nje ni la moto kuliko la katikati, ukikitoa joto linaendelea kusafiri kuingia ndani. Kwa kidari kinene toa kwenye 71 au 72, ila baki na kipimajoto ndani hadi ukione kimefika 74. Kisipofika, rudisha dakika 2. Kipande chembamba hakibebi joto la kutosha kupanda hivyo, hicho kisubiri 74 ndani ya mashine.

Nuru_ya_Asubuhi

Swali la mwisho kutoka kwangu: kuku aliyebaki jana, mnampasha vipi bila kumkausha?

Jiko_Moto

Kwanza awe aliingia friji ndani ya saa 2 tangu atoke jikoni, na usimweke zaidi ya siku 3 au 4. Mtoe, mpulizie au mpake maji kidogo upande wa nyama, ngozi iache kavu. Nyuzi 170. Bawa dakika 4, paja dakika 6 hadi 8, ngozi ikiwa juu, na katikati pafike 74 tena. Kidari mimi sikipashi kizima. Nakikata vipande vyembamba, nakifunga kwenye foili na kijiko cha supu au maji, dakika 4 au 5, nafungua. Foili uikunje ikae imara chini ya uzito wa nyama, na karatasi ya kuokea usiiweke peke yake mashine ikiwa inapashwa moto, feni itainyanyua hadi kwenye koili.